Panya 8 kati ya 49: kisa cha kiyeyushi na uvimbe wa tezi ya adrenali

Kisa hiki kinaanzia kwenye namba nne: 3, 4, 1, 8.

Hiyo ni idadi ya panya majike waliokutwa na uvimbe uitwao feokromositoma baada ya kuvutishwa kwa miaka miwili hewa yenye kiyeyushi cha viwandani kiitwacho 2-butoksiethanoli. Makundi yalikuwa manne. La kwanza lilivuta hewa safi, na panya 3 kati ya 50 wakapata uvimbe huo. La pili lilivuta hewa yenye sehemu 31.2 za kiyeyushi katika kila sehemu milioni: 4 kati ya 50. La tatu 62.5: 1 kati ya 49. La nne 125: 8 kati ya 49. Walivutishwa saa 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 104. Jaribio liliendeshwa na Mpango wa Taifa wa Sumu wa Marekani, unaojulikana kwa herufi NTP, na ripoti yake, namba 484, ilitoka mwaka 2000.

Juu ya namba hizo nne watu wamejenga dai kwamba kiyeyushi hiki humletea binadamu uvimbe adimu wa tezi ya adrenali. Wengine wamezitupa na kusema kiyeyushi hakina neno. Nimesoma hoja za pande zote mbili, na kwa maoni yangu kila upande umeziruka hatua zilizokuwa ngumu. Panya waliugua kweli. Yupo pia mwanamke wa Colorado aliyeugua kweli, na maji ya kisima chake yalichafuka kweli. Ila kamba inayotakiwa kuunganisha mambo hayo imekatika mahali ambapo mtu angepaona kama angeifungua tezi yenyewe na kutazama ndani. Na sehemu ambayo ingeweza kuungwa upya kwa vipimo haikupimwa kwa wakati. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi.

Kwanza kiyeyushi chenyewe. Ni kimiminika kisicho na rangi, chenye harufu tamutamu kidogo, na sifa yake kuu ni kwamba huchanganyika na maji na mafuta kwa pamoja. Ndiyo maana kimeenea: kimo katika rangi za ukuta na vanishi, wino wa kuchapia, sabuni za kusafishia vioo, na dawa za kuondolea grisi kwenye mashine. Kilikuwemo katika Corexit 9527, moja ya dawa zilizomwagwa kutawanya mafuta baada ya ajali ya Deepwater Horizon katika Ghuba ya Mexico mwaka 2010. Na kimetumika katika majimaji yanayosukumwa chini ya ardhi kwa nguvu kubwa kupasua miamba ili gesi itoke.

Matumizi hayo ya mwisho ndiyo yaliyokitoa kiyeyushi kwenye ripoti za maabara na kukiingiza katika maisha ya watu.

Magharibi mwa Colorado, mwanzoni mwa miaka ya 2000, visima vya gesi vilichimbwa karibu na nyumba za watu wanaokunywa maji ya visima vyao wenyewe. Siku moja, wakati miamba ikipasuliwa jirani, kisima cha maji cha familia moja kililipuka. Maji yaliyofuata yalikuwa ya kijivu, yakitoa mapovu na harufu. Gesi ilikuwa imeingia ndani yake, na baadaye mamlaka ya jimbo iliitoza faini kampuni iliyohusika kwa sababu ya gesi hiyo. Miaka michache baada ya tukio, mama wa familia ile aligundulika kuwa na uvimbe katika tezi ya adrenali, akafanyiwa upasuaji, tezi ikatolewa.

Ndipo akakutana na waraka wa Theo Colborn. Huyu alikuwa mwanasayansi mzoefu wa kemikali zinazovuruga homoni, mkazi wa Paonia katika Colorado hiyohiyo, mwanzilishi wa TEDX, taasisi iliyochunguza kemikali hizo. Alikuwa amewaandikia maofisa wa ardhi za umma akiwatahadharisha kuhusu 2-butoksiethanoli, na katika orodha yake ya madhara palikuwa na uvimbe wa adrenali, uliotajwa kutokana na jaribio la panya. Jiweke mahali pa mama yule. Una uvimbe ambao daktari wako anasema ni nadra. Maji yako yaliharibika mbele ya macho yako. Na hapa pana karatasi ya mtaalamu anayeheshimika ikitaja kiyeyushi cha wachimbaji na uvimbe wa tezi ileile. Nani asingeunganisha? Kampuni ilisema kwanza kwamba kiyeyushi hicho hakikutumika huko, kisha ikaja kukiri kwamba kilitumika katika mojawapo ya visima vya eneo hilo. Kukana na kukiri kwa namna hiyo kuliwafundisha majirani wote kutoamini neno lolote litakalofuata, na sioni jinsi ya kuwalaumu.

Sasa tuifungue tezi.

Adrenali ni mbili, kila moja imekaa juu ya figo, na kila moja ina uzito wa gramu 4 au 5 tu. Kwa nje inaonekana kitu kimoja, lakini ndani imejengwa kama embe na kokwa lake: tabaka la nje, koteksi, na kiini, medula. Sehemu hizi mbili hazina asili moja. Katika kiinitete, chembe za medula hutoka kwenye chimbuko la mfumo wa neva na kusafiri hadi hapo. Koteksi hutoka kwenye tabaka la kati la kiinitete. Kazi zao pia ni mbali. Medula hutengeneza adrenalini na noradrenalini, zile homoni zinazoufanya moyo ukimbie mtu akishtuka. Koteksi hutengeneza kotisoli, aldosteroni na homoni nyingine za jamii hiyo. Aldosteroni ndiyo inayoiambia figo ibakize chumvi na kutoa potasiamu.

Feokromositoma ni uvimbe wa medula. Panya wale 8 walikuwa na uvimbe wa medula.

Mama wa Colorado aliambiwa ana aldosteroni iliyozidi. Huo ni ugonjwa wa koteksi. Daktari Jerome Conn wa Ann Arbor, Michigan, ndiye aliyeueleza katikati ya miaka ya 1950, na hadi leo unabeba jina lake.

Kwa hiyo jaribio lililotajwa kama ushahidi halikuonyesha uvimbe wa aina aliyokuwa nao. Lilionyesha uvimbe wa tishu jirani, yenye asili nyingine, homoni nyingine na njia nyingine za kuharibika. Tunajua sasa mengi kuhusu njia hizo. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba uvimbe mwingi unaomwaga aldosteroni una badiliko katika jeni (sehemu ya maelekezo ya urithi ndani ya chembe) ya KCNJ5, inayohusu mlango wa potasiamu katika utando wa chembe. Feokromositoma ina orodha yake ya jeni, mbali kabisa: RET, VHL, NF1, na familia ya SDH. Kusema kiyeyushi kilichogusa medula ya panya ndicho kilichoharibu koteksi ya binadamu kunahitaji hatua nyingine kubwa, na hatua hiyo haimo katika ripoti 484.

Kuna jambo lingine linalopaswa kusemwa waziwazi. Ugonjwa wa Conn ulihesabiwa kuwa nadra kwa muda mrefu kwa sababu madaktari hawakuupima. Walipoanza kupima aldosteroni na renini, kimeng'enya cha figo kinachoiongoza, kwa wagonjwa wa shinikizo la damu, waliukuta kwa takriban asilimia 5 hadi 10 yao. Katika kijiji chochote chenye watu wazima mia chache, haitashangaza kumpata mmoja. Ule unadra uliompa mama yule hisia kwamba lazima pawepo sababu ya pekee haukuwa mkubwa kama alivyoambiwa.

Feokromositoma ndiyo iliyo nadra kweli: wagonjwa wapya kati ya 2 na 8 kwa kila watu milioni kwa mwaka. Tuseme tuna wilaya yenye watu 50,000. Kwa kiwango hicho tutatarajia mgonjwa mmoja kila baada ya miaka 2 na nusu hadi 10. Kiyeyushi kikiongeza hatari mara mbili, itabidi kusubiri miongo kadhaa kabla ya kutofautisha ongezeko hilo na bahati nasibu, na wakati huo watu wameshahama na visima vimeshafungwa. Takwimu za wilaya haziwezi kumtetea kiyeyushi wala kumhukumu. Anayekuambia "hakuna ongezeko la wagonjwa lililoonekana" anasema kweli, lakini hajakuambia kwamba lisingeonekana hata kama lipo.

Turudi kwa panya, maana hapa pana utajiri ambao mabishano ya barabarani huupita.

NTP ina ngazi tano za kuhukumu: ushahidi wa wazi, ushahidi wa kiasi, ushahidi wenye utata, hakuna ushahidi, na jaribio lisilotosha. Kwa panya majike hukumu ilikuwa ushahidi wenye utata. Kwa panya madume: hakuna ushahidi. Kwa vipanya (aina ndogo ya panya, iliyojaribiwa pia) madume kulikuwa na ushahidi wa kiasi, kutokana na saratani ya mishipa ya damu ya ini. Kwa vipanya majike pia ushahidi wa kiasi, kutokana na uvimbe wa tumbo la mbele, kiungo ambacho binadamu hana. Kwa vipanya adrenali haikuingia katika hukumu.

Kwa nini "wenye utata"? Tazama tena 3, 4, 1, 8. Kundi la tatu, lililopewa dozi mara mbili ya kundi la pili, lilikuwa na mgonjwa mmoja tu, pungufu ya waliovuta hewa safi. Tofauti kati ya 3 kati ya 50 na 8 kati ya 49 inaweza kutokea kwa bahati tupu karibu mara 1 katika 10. Nimeipiga hesabu hiyo mwenyewe kwa njia ya kawaida ya kulinganisha makundi mawili madogo. Tena jaribio kama hili hukagua viungo vingi katika jinsia mbili za wanyama wa aina mbili, na ukiuliza maswali mengi hivyo, bahati lazima ikujibu "ndiyo" mahali fulani. Hata hivyo watafiti hawakuitupa namba 8, kwa sababu ilizidi kiwango cha juu kilichowahi kuonekana katika makundi ya ulinganisho ya majaribio yao ya nyuma. Uvimbe wenyewe karibu wote haukuwa wa saratani. Naiona hukumu yao kuwa ya haki: kuna kitu kimeonekana, hakitoshi kusimama chenyewe, na haifai kukificha.

Medula ya panya, zaidi ya hayo, ni nyepesi kukasirika. Panya wa maabara wa aina ya F344, ndio waliotumika hapa, hupata feokromositoma bila kupewa chochote, na madume hupata zaidi ya majike. Vitu visivyotisha kabisa huiongeza: laktosi ya maziwa ikizidi sana, vitamini D kwa wingi, sukari za pombe kama sorbitoli na zailitoli. Mengi ya hayo yanapitia mvurugiko wa kalsiamu mwilini mwa panya, na binadamu hafuati njia hiyo kwa kiwango kile. Mtu asichukue hayo kuwa tiketi ya kupuuza kila uvimbe wa panya. Ni sababu ya kuuliza njia iliyopitiwa ni ipi.

Na kiyeyushi hiki njia yake kuu inajulikana vizuri. Kikiingia mwilini, vimeng'enya vya ini, vilevile vinavyoshughulikia pombe, hukigeuza kuwa asidi ya butoksiasetiki. Asidi hiyo huzifanya chembe nyekundu za damu ya panya zivimbe na kupasuka. Panya wa majaribio walipata upungufu wa damu, ini likajaa chuma kilichotoka kwenye damu iliyopasuka, na wengi wa watafiti wanaihusisha ile saratani ya ini ya vipanya na mzigo huo wa chuma.

Chembe za damu za binadamu ni ngumu zaidi mbele ya asidi hii, kwa tofauti ya makumi ya mara. Katika miaka ya 1950 watu wachache waliojitolea walikaa katika chumba chenye mvuke wa kiyeyushi. Macho na pua viliwasha, lakini chembe zao za damu hazikudhoofika kama za panya waliovuta mvuke uleule. Wapo pia waliokunywa sabuni ya vioo, kwa ajali au kwa kutaka kujidhuru, na visa vyao vimeandikwa katika majarida ya tiba: damu kujaa asidi, kupoteza fahamu, wengine kusafishwa damu kwa mashine, na wengi wakapona. Kupasuka kwa chembe nyekundu, pale kulipoonekana, kulikuwa kwa kiasi kidogo.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuuliza: je, mwenye seli mundu? Kwetu ugonjwa huo uko katika familia nyingi, na chembe zake ni dhaifu tangu mwanzo. Swali hilo lilijibiwa maabara mwaka 1994. Damu ya wagonjwa wa seli mundu, ya wenye ugonjwa wa kurithi unaozifanya chembe kuwa duara, na ya wazee, ilichanganywa na asidi ya butoksiasetiki, na chembe zote hizo zilistahimili kama za watu wenye afya. Ni jaribio la ndani ya chupa, si la mtu anayefanya kazi katika karakana yenye joto, lakini ni jibu lenye uzito, na nimefurahi kulikuta maana sikutegemea kwamba kuna mtu alishawafikiria wagonjwa hao.

Basi je, medula? Hapa pana dhana inayonivutia, nami naieleza kama dhana. Katika majaribio mengine ya NTP, panya waliovuta vumbi lililoharibu mapafu yao na kuwapunguzia oksijeni walipata feokromositoma zaidi. Jeni za VHL na SDH, zinazorithisha uvimbe huo kwa binadamu, zinahusika moja kwa moja na jinsi chembe inavyotambua kwamba oksijeni imepungua. Zikiharibika, chembe huishi kana kwamba inakosa hewa siku zote. Na wakazi wa milima mirefu ya Andes, wanaoishi kwenye hewa hafifu, wamejulikana kupata zaidi uvimbe ulio ndugu wa feokromositoma, wa chembe za shingoni zinazopima oksijeni. Panya jike aliyepasuliwa chembe nyekundu kwa miaka miwili ana upungufu wa damu, na mwenye upungufu wa damu hupeleka oksijeni pungufu kwenye tishu. Huenda njia ni hiyo. Kama ni hiyo, basi binadamu, ambaye damu yake haipasuki kirahisi, yuko mbali na hatari hiyo. Dhana hii inaelekea kumpunguzia mtu hofu. Sijaipenda kwa sababu hiyo, ila kwa sababu inapimika.

Taasisi za udhibiti zilielekea upande huohuo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lililoko Lyon, liliitathmini 2-butoksiethanoli mwaka 2004 na kuiweka Kundi la 3: ushahidi wa wanyama ni wa kiasi kidogo, wa binadamu hautoshi, kwa hiyo haiwezi kupangwa. Mwaka huohuo Wakala wa Mazingira wa Marekani, EPA, kwa maombi ya chama cha wenye viwanda vya kemikali, uliitoa katika orodha ya vichafuzi hatari vya hewa. Mwaka 2010 EPA ikahitimisha kwamba haielekei kusababisha saratani kwa binadamu katika viwango vinavyotarajiwa kuwafikia.

Nakubaliana na hukumu hizo kwa sehemu kubwa, ila nina shaka mbili. Ya kwanza ni umbali wa dozi. Watu husema panya walipewa kiasi ambacho hakuna binadamu hukutana nacho. Dozi ya juu ilikuwa 125. Kikomo cha kisheria cha kazini nchini Marekani ni 50, wastani wa zamu ya saa 8. Hiyo ni tofauti ya mara mbili na nusu tu. Taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya nchi hiyohiyo, NIOSH, inapendekeza 5. Mtu anayefanya kazi kihalali katika kiwango cha 50 hayuko mbali na panya kwa namna watu wanavyodhani. Kinachomkinga ni ugumu wa damu yake. Ya pili ni kwamba hukumu zote hizo zinahusu kiyeyushi kimoja kikiwa peke yake. Maji ya Colorado hayakuwa na kitu kimoja. Majimaji ya kupasulia miamba huwa ni mchanganyiko wa vitu vingi, na wakati ule kampuni hazikulazimika kusema ni vipi.

Na mwaka 2005 hali ilizidi kufungwa. Sheria ya nishati iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka huo iliyatoa majimaji hayo, isipokuwa yenye dizeli, katika udhibiti wa sheria ya maji salama ya kunywa. Familia yenye kisima kilichoharibika ikaachwa itafute yenyewe kujua ni kemikali zipi za kupima katika maji yake. Huwezi kupeleka maabara chupa ya maji na kusema "tafuteni chochote". Maabara hutafuta inachoagizwa.

Wakati nao haukungoja. 2-butoksiethanoli haidumu: katika maji yenye hewa, bakteria huila ndani ya wiki chache. Kipimo kilichochelewa mwaka mmoja kikisema haimo, hakijasema lolote kuhusu maji yaliyonywewa siku ya tukio. Kilichohitajika kilikuwa sampuli ya maji ya kisima kabla ya uchimbaji kuanza, nyingine wiki ileile ya mlipuko, na jina la kila kitu kilichosukumwa ardhini. Hakuna kipimo cha siku zile kinachotuambia kama kiyeyushi kilikuwa katika kikombe cha mama yule. Mwishowe madai yake yalimalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama, na ushahidi wa pande zote mbili haukuwahi kuchambuliwa hadharani.

Naweza kukubali kwamba pengine kiyeyushi hakikumdhuru. Kwa mantiki ya koteksi na medula, ndivyo ninavyoelekea kuamini. Ambacho siwezi kukubali ni mpangilio uliomnyima njia ya kujua, kisha ukamwambia hana ushahidi.

Mambo yalikuja kubadilika baadaye, polepole. Colorado ilipitisha mwishoni mwa 2011 kanuni ya kutangaza kemikali za kupasulia miamba, na mwanzoni mwa 2013 ikalazimisha maji ya ardhini yapimwe kabla ya kuchimba na baada yake. Mwaka 2015 watafiti walichapisha uchunguzi wa nyumba kadhaa za Pennsylvania ambako maji ya bomba la kisima yalikuwa yakitoa povu jeupe. Kwa mashine nyeti sana waliikuta 2-butoksiethanoli katika maji ya nyumba mojawapo, kwa nanogramu katika lita. Ni kiasi kidogo mno, chini sana ya kile kinachojulikana kumdhuru mtu. Lakini uchunguzi huo ulionyesha kwamba kiyeyushi kinaweza kutafutwa na kupatikana, na kwamba wasiwasi wa watu wa Colorado kuhusu njia ya maji haukuwa ndoto.

Mgonjwa wa leo anayeambiwa ana uvimbe wa adrenali, awe Mwanza au Denver, kwanza anahitaji kujua ni wa sehemu ipi. Maumivu ya kichwa, jasho la ghafla na moyo kwenda mbio vinavyokuja kwa vipindi, pamoja na shinikizo la damu, humfanya daktari apime metanefrini, mabaki ya adrenalini na noradrenalini, katika damu au katika mkojo wa saa 24. Hilo lifanywe kabla ya upasuaji wowote, kwa sababu feokromositoma isiyojulikana inaweza kuua mezani. Dawa za kuzuia alfa, zinazolegeza mishipa ya damu, hutangulia, na dawa za kuzuia beta, zinazopunguza mbio za moyo, hazipewi kabla yake. Shinikizo lenye potasiamu ya chini huelekeza kwenye aldosteroni. Na akikutwa na feokromositoma, swali la kwanza kuhusu chanzo ni la ukoo: kati ya wagonjwa 10, watatu hadi wanne wana badiliko la jeni walilorithi, na ndugu zao wanapaswa kupimwa. Sijasema daktari asiulize kuhusu kazi. Aulize, tena kwa kina. Lakini mgonjwa akielekezwa kwenye kiyeyushi peke yake, binti yake mwenye badiliko la jeni ya VHL anaweza kukosa kipimo ambacho kingemwokoa.

Kwa fundi rangi, mchapishaji na msafisha mashine, hatari iliyo dhahiri zaidi si uvimbe. Ni macho na koo kuwasha, kichwa kuuma, na kiyeyushi kupita kwenye ngozi. Hupita kwa urahisi. Majaribio ya watu waliojitolea nchini Sweden katika miaka ya 1980 yalionyesha kwamba vidole vilivyochovywa ndani yake vinatosha kukiingiza kwenye damu. Anayepangusa rola kwa kitambaa kilicholowa, mikono mitupu, anaweza kupata kingi kwa njia hiyo hata kama madirisha yako wazi. Glavu za mpira wa butili au nitraili huzuia. Kwenye lebo kitafutwe kwa namba 111-76-2, kwa sababu majina yake ni mengi na namba hiyo ni moja.

Na kinapimika. Asidi ya butoksiasetiki hutoka kwenye mkojo, na kuna kiwango cha rejea kilichowekwa na wataalamu wa usafi wa viwandani wa Marekani, ACGIH: miligramu 200 kwa kila gramu ya kreatinini, taka ya kawaida ya mkojo. Mkojo uchukuliwe zamu inapoisha, siku hiyohiyo, kwa kuwa asidi hiyo hupungua kwa nusu ndani ya saa chache tu.